Gurnah Akisomwa Mlowo

Alhamisi ya tarehe 7 Oktoba 2021, saa nane na kitu mchana, nilikuwa kwenye benchi la kibanda cha mama mdogo wangu hapa Mlowo, kando ya barabara kuu iendayo Tunduma. Msimu wa kahawa ulikuwa ukingoni. Madereva wa malori walikuwa wakila harakaharaka kabla ya kwenda kuikabili foleni ya mpakani. Kijana mmoja wa bodaboda akainua simu yake akasoma kwa sauti: Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, ameshinda Tuzo ya Nobeli ya Fasihi.

Ubishi ulianza kabla hajamaliza kusoma. Mmoja alisema huyo ni wetu, Mtanzania wa kwanza kupata Nobeli. Mwingine akamkatiza: wetu wapi, mtu ana pasi ya Uingereza, ameishi huko zaidi ya miaka 50, na sheria yetu haijui uraia pacha. Wa tatu akataka kujua kama mtu aliyeondoka Unguja baada ya Mapinduzi anahesabiwa Mtanzania au Mzanzibari tu. Dereva mmoja wa Kizambia akasema kama tunamkataa, basi wampokee wao.

Mama mdogo alikuwa akipakua wali. Aliwaacha wabishane mpaka sauti zikapungua zenyewe, kisha akauliza, "Kwani kaandika nini?"

Hakuna aliyejua. Mimi, ambaye kalamu ndiyo jembe langu, nilikuwa nimesoma kitabu chake kimoja tu, tena cha kuazima, tena zamani. Nikasema kinahusu mtoto aliyewekwa rehani kwa deni la baba yake. Mama mdogo akasimama na upawa mkononi. "Mtoto? Rehani?" Wateja wakamwita, mazungumzo yakaishia hapo.

Kilichotokea kwenye benchi lile kilitokea nchi nzima. Rais Samia Suluhu Hassan alimpongeza Gurnah, Rais Hussein Mwinyi wa Zanzibar naye alimpongeza, na watu wakaanza kuulizana kama nchi isiyomhesabu mtu kuwa raia wake ina haki ya kumshangilia. Mabishano yalikwenda kwa siku nyingi magazetini na mitandaoni, karibu yote juu ya pasi yake. Juu ya vitabu vyake hatukubishana, maana wengi wetu hatukuwa navyo. Kufikia siku ile alikuwa amekwisha kuchapisha riwaya 10, ya kwanza mwaka 1987, na hakuna hata moja iliyokuwa imetoka kwa Kiswahili.

Sisi wa ukanda huu tulipaswa kuwa wa mwisho kubishana namna ile. Baba yangu ni Mnyiha, mama yangu Mnamwanga. Wanamwanga wako Momba na Tunduma, na wako pia Nakonde na Isoka, ndani ya Zambia. Mama mkubwa aliolewa Nakonde kabla mimi sijazaliwa. Yeye ana kitambulisho cha Zambia, wadogo zake wana cha Tanzania, na wote walinyonya ziwa moja. Akija huku msibani hatusemi ametoka nje ya nchi, tunasema amekuja kwao. Akirudi kwa mumewe na wajukuu zake, tunasema amerudi kwake. Hatuoni kuwa kauli moja inaifuta nyingine.

Hata hivyo mpaka unauma, na ninaujua uchungu wake. Nilipokwenda kuandikishwa kitambulisho, karani wa ofisi moja aliniuliza babu yangu mzaa mama amezikwa wapi. Nilisema kweli: ng'ambo. Karatasi zangu zikawekwa kando kwa miezi saba. Kila niliporudi niliambiwa suala langu linaangaliwa. Nilikuwa nimezaliwa kilomita chache kutoka ofisi ile, nimesoma hapa, nimelipa kodi hapa, lakini kaburi la mzee niliyemjua kwa kusimuliwa ndilo lililokuwa na sauti kuliko mimi.

Na wakubwa kuliko mimi wamepitia hayo. Mwaka 1999 mahakama ya Zambia ilitamka kuwa Kenneth Kaunda, aliyeiongoza nchi ile kwa miaka 27, hakuwa raia wake, kwa sababu wazazi wake walitoka Nyasaland. Alikuwa amezaliwa Lubwa, karibu na Chinsali, safari ya siku moja tu kutoka hapa nilipo. Miaka miwili baadaye, 2001, serikali yetu ilimwambia mwanahabari Jenerali Ulimwengu, aliyekuwa amewahi kuwa mkuu wa wilaya na mbunge, kwamba si Mtanzania. Alilazimika kuomba uraia wa nchi aliyokwisha kuitumikia. Ndiyo maana sikubali kirahisi kwamba pasi ya mtu inatosha kutuambia ni wa wapi.

Nimeufuatilia mstari huu wa mpaka hadi kwenye karatasi ulikozaliwa. Ni mkataba uliotiwa saini Berlin tarehe 1 Julai 1890 kati ya Uingereza na Ujerumani. Ndani yake Wajerumani walipewa kisiwa kidogo cha Helgoland katika Bahari ya Kaskazini, na wao wakakubali Zanzibar iwe chini ya ulinzi wa Waingereza. Mkataba huohuo ndio ulioamua mpaka upite wapi kati ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika, kwa namna ambayo njia iliyoitwa barabara ya Stevenson, ya kuunganisha maziwa hayo mawili, ibaki upande wa Waingereza. Kwa karatasi moja, mama mkubwa wa baadaye akawekwa nchi yake na mama mdogo nchi yake, na mtoto atakayezaliwa Unguja tarehe 20 Desemba 1948 akawekwa chini ya bendera ambayo baadaye ingempeleka kutafuta maisha Uingereza. Hakuna Mnamwanga aliyeulizwa, wala Mwunguja.

Mwaka huohuo wa 1890, baharia mmoja wa miaka 32 alikuwa akipanda mto Kongo ndani ya meli ndogo ya kampuni ya Kibelgiji, akiugua homa na kuhara damu. Dunia inamjua kwa jina la Joseph Conrad. Mama yake na baba yake walimpa jina jingine: Józef Teodor Konrad Korzeniowski, Mpolandi, mzaliwa wa Berdychiv, mji ambao leo uko Ukraine.

Namleta hapa kwa sababu mambo mawili yanamfunga na Gurnah, na moja lao ni la ajabu kidogo. Conrad alifariki mwaka 1924 nyumbani kwake Bishopsbourne, kijiji jirani na mji wa Canterbury, kusini mashariki mwa Uingereza, akazikwa Canterbury. Ni mji huohuo ambako Gurnah alifika akiwa kijana, akasoma chuo, akapata shahada ya uzamivu mwaka 1982 kutoka Chuo Kikuu cha Kent kilichoko hapo, akafundisha fasihi chuoni hapo kwa zaidi ya miaka 30 hadi alipostaafu 2017. Mzanzibari aliyeandika maisha yake yote juu ya watu waliong'olewa kwao aliishi mji mmoja na kaburi la Mpolandi aliyeng'olewa kwao. Juu ya jiwe la kaburi lile jina la Kipolandi limechongwa kwa makosa: Teodor limeandikwa Teador. Hata mautini hakuandikwa sawasawa.

Conrad alipozaliwa hakukuwa na pasi ya Poland kwa sababu Poland haikuwepo. Urusi, Prussia na Austria walikuwa wameimega mara tatu, 1772, 1793 na 1795, mpaka ikafutika kwenye ramani. Kwa sheria yeye alizaliwa mtu wa tsari wa Urusi. Baba yake, Apollo, mshairi na mfasiri, alikamatwa kwa kupigania uhuru wa nchi isiyokuwepo, akapelekwa uhamishoni Vologda mwaka 1862 pamoja na mkewe na mtoto wao wa miaka minne. Baridi na kifua kikuu viliwamaliza. Mama alifariki 1865, baba 1869. Mtoto akalelewa na mjomba, na alipofika miaka 16 akaenda baharini kupitia Marseille. Alipewa uraia wa Uingereza mwaka 1886. Kiingereza, lugha yake ya tatu baada ya Kipolandi na Kifaransa, ndicho alichoandikia.

Kwao walimhukumu. Mwaka 1899 Eliza Orzeszkowa, mwandishi mwanamke aliyeheshimiwa sana na Wapolandi, alimshambulia gazetini: mtu mwenye kipaji ni mali ya taifa lake, na huyu amekiuza kipaji kwa wageni. Inajulikana kuwa maneno yale yalimkaa Conrad rohoni kwa miaka mingi. Nikiyasoma leo nasikia sauti za vijana wa kwenye benchi.

Huku kwetu swali limekuwa hilohilo kwa vazi jingine. Mbona Gurnah haandiki Kiswahili? Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyefariki Mei 2025 huko Marekani baada ya zaidi ya miaka 40 nje ya Kenya, aliacha kuandika riwaya kwa Kiingereza akageukia Kikikuyu. Riwaya yake ya kwanza kwa lugha hiyo aliiandika akiwa gereza la Kamiti, juu ya karatasi za chooni. Nampenda Ngũgĩ kwa hilo na sitaacha kumpenda. Lakini sioni kwa nini msimamo wake ugeuzwe fimbo ya kumchapia Gurnah. Ngũgĩ aliondoka akiwa mwandishi mzima, mwenye jina, mwenye wasomaji wa lugha yake wanaomngoja. Gurnah aliondoka Zanzibar kijana wa miaka 18, na kalamu aliishika akiwa huko, katika upweke wa ugenini, akizungukwa na watu wasiojua neno hata moja la lugha ya mama yake. Alianza kuandika kwa kukumbuka kwao. Kiingereza kilikuwa mezani, akakichukua, akakijaza maneno yetu bila kuyafasiri.

Hayo nayasema kwa kumtetea. Pamoja na hayo, naumia. Kuna jambo hupotea mtu wetu akisimulia kwetu kwa lugha ambayo mama yangu hawezi kuisoma.

Kuna neno moja limenifundisha mengi kuhusu hili. Tukikutana na mgeni, swali letu la kwanza ni "Kwenu wapi?" Mtu aliyezaliwa Dar es Salaam, akakulia Dar es Salaam, hujibu bila kusita, "Kwetu Mbozi." Hasemi "kwangu". Kwangu ni nyumba yenye mlango na kodi ya kulipa. Kwetu ni ya wengi, huwezi kuwa nayo peke yako, na hakuna ofisi inayoitoa. Kiingereza kina neno moja kwa vyote viwili, nalo ndilo Gurnah amelazimika kulitumia katika riwaya zote. Watazame watu wake: Daud, mhudumu wa hospitali katika riwaya ya 1988, aliyekwama Canterbury hukohuko, yule asiyetajwa jina katika riwaya ya 1996, anayemtungia mkwe wake wa Kiingereza hadithi za uongo kuhusu kwao, Saleh Omar, mzee anayetua uwanja wa ndege wa Gatwick na pasi yenye jina la mtu mwingine na kijisanduku cha udi, akiwa ameshauriwa ajifanye hajui Kiingereza. Wote wana makazi au wanayatafuta. Wanachokikosa ni kwetu.

Mpolandi mwingine, Witold Gombrowicz, alilisumbukia neno la kwao kwa namna yake. Alifika Buenos Aires kwa meli Agosti 1939, siku chache kabla Ujerumani haijaivamia Poland, akabaki Argentina karibu miaka 24. Kwa Kipolandi neno la nchi ya asili linatokana na baba. Gombrowicz akaunda jipya linalotokana na mwana, akiuliza kwa nini mtu awe mali ya nchi ya baba zake na si ya watoto watakaokuja. Wapolandi wenzake wa ughaibuni walikasirika sana. Alifariki Ufaransa 1969 bila kuiona tena Poland.

Ninapoandika haya najua msomaji anaweza kuuliza Wapolandi wanahusu nini na mkoa wetu wa Songwe. Wanahusu. Mwaka 1942 na 1943 maelfu ya wanawake na watoto wa Kipolandi, waliokuwa wamehamishwa kwa nguvu na Wasovieti hadi Siberia na Asia ya Kati, waliletwa Afrika Mashariki kupitia Iran. Kambi kubwa ilikuwa Tengeru, Arusha, na makaburi yao yako hapo hadi leo. Nyingine zilikuwa Ifunda na Kidugala, katika nyanda zetu hizi za juu kusini, na ng'ambo ya mpaka ilikuwapo Abercorn, yaani Mbala ya sasa. Vita vilipokwisha hawakurudi makwao wengi wao, kwa sababu mpaka wa Poland ulisogezwa magharibi na vijiji vyao vikaachwa ndani ya Umoja wa Kisovieti. Mtu alikuwa amehamishwa; sasa nchi nayo ikamhama. Hata kanisa la Moravian, ambalo wamisionari wake walijenga Mbozi tangu mwishoni mwa karne ya 19 na ambamo nusu ya ukoo wangu husali, jina lake ni jina la jimbo ambalo waasisi wake walilikimbia, wakapata hifadhi Saxony mwaka 1722. Kila Jumapili tunatamka jina la kwao watu wengine bila kujua.

Turudi kwa Gurnah na kisiwa chake. Uhuru wa Zanzibar ulikuja tarehe 10 Desemba 1963, Mapinduzi tarehe 12 Januari 1964. Familia yenye asili ya Yemeni, kama ya Gurnah, ilijikuta upande wa wanaotazamwa kwa shaka. Watu waliuawa, mali zikachukuliwa, na kwa miaka mingi kuondoka kisiwani bila kibali kulikuwa kosa. Mapinduzi yalikuwa na sababu zake, na Waafrika wa Unguja na Pemba waliokuwa vibarua kwenye mashamba ya karafuu ya wengine hawakuzua manung'uniko yao. Nayasema yote mawili kwa sababu Gurnah mwenyewe huyaandika yote mawili. Aliondoka karibu na mwisho wa 1967, na hakurudi mpaka 1984. Alimwona baba yake muda mfupi kabla ya mzee kufariki. Miaka 17! Yeyote aliyewahi kumngoja ndugu mmoja tu avuke mpaka kuja kuzika anaweza kuipima.

Sasa nifike kwenye jambo lililo gumu kwangu, ambalo sikulisikia likitajwa wakati wa mabishano ya 2021. Tulijadili kama Gurnah ni Mtanzania, ni Mzanzibari au ni Mwingereza. Hatukuuliza sisi wa bara ni akina nani ndani ya vitabu vyake.

Riwaya yake ya 1994, ile ya mtoto wa rehani, inamfuata Yusuf, mwenye miaka 12, anayechukuliwa na tajiri Aziz ambaye amezoea kumwita ami. Dukani kwa Aziz, Khalil, kijana aliyetangulia kuwekwa rehani, anamfumbua macho: yule si ami yako. Baadaye Yusuf anachukuliwa kwenye msafara wa biashara kuelekea bara, kuvuka ziwa, mpaka mji wa Chatu, ambako mali inaporwa na watu wanashikiliwa. Wanaookolewa wanaokolewa na ujio wa Mzungu mwenye askari wake. Wahakiki wengi wamesema kitabu hiki kinamjibu Conrad, na ni kweli. Conrad aliandika safari ya mto Kongo ambamo Mwafrika hana jina na karibu hana maneno, na Chinua Achebe alisema hivyo waziwazi katika mhadhara wake wa 1975 huko Marekani. Gurnah aliichukua safari ileile ya kuingia bara akampa macho mtoto wa Kiswahili.

Lakini mtoto wa Kiswahili akiingia bara, wenzake wa msafara wanaita watu wa bara washenzi. Na washenzi hao ni nani? Ni watu wa njia hizi. Misafara ya pembe na watumwa ilipita kati ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika, yaani nchi ya Wanyiha na Wanamwanga. Upande wa Karonga, mfanyabiashara wa Kiswahili Mlozi alijenga maboma yake, akapigana na Waingereza tangu 1887 hadi walipomnyonga mwaka 1895. Wazee wetu walijenga vijiji vyenye maboma ya miti na kuzoea kulala nguo zikiwa karibu. Masimulizi ya wanawake wa ukanda huu waliokamatwa, kuuzwa, kubadilishwa kwa nguo au kuwekwa rehani kama Yusuf yaliandikwa na wamisionari wa Moravian mwanzoni mwa karne ya 20, na mwanahistoria Marcia Wright akayatolea kitabu mwaka 1993. Narwimba, Chisi na Meli ni majina ya wanawake hao. Sijui kwa nini hayafundishwi katika kila darasa la mkoa huu.

Kwa hiyo mtu wa Mlowo akimfungua Gurnah hafungui kitabu cha mwenzake tu. Anafungua daftari la mtu ambaye mababu zake wa pwani na mababu zetu walikutana vibaya. Na hapa ndipo ninapomheshimu zaidi. Hakuipamba pwani yake. Mtu aliyekosa kwao kwa miaka 17 angeweza kukumbuka bustani na harufu ya karafuu tu, akaacha rehani, akaacha dharau, akaacha neno mshenzi mdomoni mwa mnyapara. Yeye aliviweka vyote mezani, pamoja na Wajerumani waliokuja kumeza wote. Kwenye riwaya yake ya 2020 anawafuata askari weusi wa jeshi la Wajerumani. Wale waliokuwa wamebaki na kamanda Lettow-Vorbeck ndio walioishambulia Fife, ng'ambo ya mpaka wetu hapa, mwanzoni mwa Novemba 1918, wakashuka mpaka Kasama, na kuweka silaha chini Abercorn tarehe 25 Novemba. Wapagazi wao na wale wa Waingereza, walioitwa tenga-tenga, walikufa njiani bila kuandikwa. Katikati ya siku hizo, tarehe 11 Novemba, Ulaya ilinyamazisha bunduki na Poland ikarudi kwenye ramani. Conrad alikuwa na miaka 60. Nchi ya baba yake ikapatikana, yeye akabaki Uingereza.

Wapolandi walimrudishaje? Hawakusubiri mwili wake wala pasi yake. Alikuwa na ndugu, Aniela Zagórska, ambaye familia yake ilimhifadhi yeye na mkewe na watoto Zakopane vita vilipowakuta likizoni mwaka 1914. Conrad alimpa ruhusa ya kuvitafsiri vitabu vyake kwa Kipolandi, naye akaifanya kazi hiyo kwa miaka. Ilipofika vita vya pili, vijana waliokuwa wakipigana kwa siri dhidi ya Wanazi walikuwa wakimsoma kwa lugha ya mama zao kama mtu wao. Baada ya vita, mwaka 1945, mhakiki Jan Kott alimshambulia, mwandishi Maria Dąbrowska akamtetea, na taifa zima likabishana juu ya maudhui ya kitabu. Nawaonea wivu kwa ubishi ule. Na mshairi wao Czesław Miłosz aliposhinda Nobeli mwaka 1980, akiwa Marekani baada ya miaka karibu 30 ya uhamisho, Wapolandi walikuwa wakimsoma kwa nakala za siri kwa sababu serikali ilikuwa imempiga marufuku. Vitabu vya Gurnah havikupigwa marufuku na mtu hapa. Havikuletwa tu, wala havikutafsiriwa.

Mwaka 2022 Mkuki na Nyota walitoa Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis, Mtanzania anayefundisha London. Ndiyo riwaya ya kwanza ya Gurnah kwa Kiswahili. Nilikipata Mbeya, baada ya kuulizia sana. Mlowo sijawahi kuona duka linalouza riwaya, tuna steshenari za daftari na kalamu. Nilipoanza kukisoma nilishangaa jinsi maneno yalivyokaa. Ami alikuwa ami. Mnyapara alikuwa mnyapara. Kwao ilikuwa kwao. Kilichokuwa kimetafsiriwa na Gurnah kichwani mwake, kutoka Kiswahili kwenda Kiingereza, kilikuwa kimerudi.

Nilimsomea mama mdogo jioni baada ya kufunga kibanda, kurasa kumi au kumi na tano kila siku. Alisikiliza akichambua mchele wa kesho. Alimchukia Aziz mapema kuliko mimi. Alimpenda Kalasinga, fundi wa Kisingasinga anayetaka kuitafsiri Kurani kwa Kiswahili, akacheka mpaka akaweka ungo chini. Tulipofika kwenye msafara akanyamaza. Mtu mmoja ndani ya kitabu akatamka neno washenzi, na mama mdogo akanizuia kwa mkono.

"Rudia hapo."

Nikarudia.

Akaniambia kuwa bibi yake, aliyekuwa mtoto enzi zile, alikuwa hawezi kusikia kengele ya mbuzi usiku bila kuamka. Misafara ilitembea na kengele. Sikuwa nimeisikia habari hiyo maishani mwangu, na nimelala nyumbani kwa mama mdogo tangu utoto. Tulikaa nayo mpaka taa ikaanza kufifia. Kisha akasema niendelee, anataka kujua kama yule mtoto atarudi kwao.

Tulimaliza baada ya majuma matatu. Mwisho wake hakuupenda, alisema Yusuf hakupaswa kuwakimbilia askari wale, na hadi leo tunabishana juu ya hilo. Siku iliyofuata alikifunga kitabu kwenye kitenge, akakiweka katikati ya mchele na dagaa, akampa mpwa wangu anayevuka kila Jumamosi, akamwambia akifikishe kwa dada yake Nakonde. Mama mkubwa macho yake hayaoni vizuri tena, kwa hiyo anasomewa na mjukuu, ambaye shuleni hafundishwi Kiswahili bali amekiokota sokoni. Alinipigia simu mwezi uliopita kuuliza rehani ni nini hasa, maana mjukuu amekwama hapo. Nikamweleza. Akanyamaza kidogo, akaniuliza kama mwandishi yule bado yuko hai, na kama kwao kuna mtu aliyebaki.

Nakala yangu iko ng'ambo mpaka sasa. Nimeagiza nyingine.